Kawia ufike: Somo la kifo cha Sala na marubani wa kujifurahisha

Dirisha dogo la usajili la Januari 2019 lilikuwa limechangamka. Cardiff City, timu iliyokuwa ikipambana isishuke daraja Ligi Kuu England, ilikuwa imevunja rekodi yake ya usajili na kukubali kulipa pauni milioni 15 kumng'oa straika Emiliano Sala kutoka Nantes ya Ufaransa. Jamaa alikuwa na miaka 28, yuko kwenye fomu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaenda kucheza ligi inayotazamwa dunia nzima.

Alishasaini. Alishapiga picha na jezi. Akarudi Nantes mara moja kuwaaga washkaji zake. Jumatatu ya Januari 21 usiku akapanda ndege ndogo ya injini moja aina ya Piper Malibu, arudi Cardiff kwa mazoezi ya Jumanne asubuhi.

Hakufika. Ndege ilipotea kwenye rada ikiwa juu ya bahari, karibu na kisiwa cha Guernsey. Mabaki yake yalionekana chini ya maji Februari 3, na siku chache baadaye mwili wa Sala ukaopolewa. Mwili wa rubani haujapatikana hadi leo.

Tangu siku ile, kila ndege ndogo inapotajwa kwenye habari za michezo, kuna sentensi moja haikosekani: "Vile videge ni majeneza yenye mabawa." Ni sentensi nyepesi, inapita haraka kijiweni. Lakini inawatupia lawama watu wasiohusika, na mbaya zaidi inamwacha mhusika halisi atembee zake.

Kilichomuua Sala ni safari ya biashara iliyojificha ndani ya nguo za mchezo. Na ukitaka kuliona hilo vizuri, watazame watu wanaoruka na ndege kama hizo kila kiangazi huko huko kaskazini mwa Ulaya, tena kwa raha zao, bila kulipwa hata senti.

MCHEZO KAMA MICHEZO MINGINE

Wengi wanashangaa wakisikia kuruka na ndege ndogo ni mchezo. Basi wajue kwamba FIFA ilizaliwa Paris mwaka 1904, na shirikisho la michezo ya anga, FAI, likazaliwa Paris hiyo hiyo mwaka 1905. Leo yote mawili yana makao Uswisi, moja Zurich, jingine Lausanne. Hawa wa anga nao wana mashindano yao ya dunia, wana medali zao, wana waamuzi wao.

Lakini kama ilivyo kwenye soka, wengi hawashindanii kombe lolote. Ni mchezo wa wikiendi. Mwalimu, fundi wa magari, daktari wa meno, mstaafu. Wanachangishana kununua ndege moja ya viti vinne, wanaiweka kwenye klabu, wanapokezana. Kiangazi kikifika, wanapanga ziara: ndege tano au kumi, kila moja na watu wawili au watatu, wanaondoka pamoja kwa wiki nzima.

Njia wanazopenda ni zile za visiwa na maji. Wanapita pwani ya Uholanzi na Ujerumani, wanavuka Denmark ambako visiwa vimetapakaa kama punje za mchele mezani, wanaingia Sweden, wanavuka kwenda Gotland, kisha visiwa vya Åland vilivyo kati ya Sweden na Finland, na wengine wanashuka Tallinn, Estonia. Wenye moyo mkubwa wanapanda Norway, wanapita kati ya milima iliyosimama wima pembeni mwa bahari, hadi huko juu ambako mwezi Juni jua halizami. Wengine wanaelekea Scotland, kisiwa cha Barra, ambako uwanja wa ndege ni ufukwe wenyewe. Maji yakijaa, njia ya kurukia inakuwa chini ya bahari. Rubani pale anasoma ratiba ya maji kujaa na kupwa kama mvuvi wa Bagamoyo.

Ndege zenyewe ni za kawaida. Cessna 172, ambayo ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko ndege yoyote duniani, inakwenda kasi ya kilomita 220 kwa saa hivi. Haipiti juu ya mawingu kama ndege za abiria. Inakaa chini yake, au inaketi kiwanjani ikisubiri yaondoke.

Na hapo kwenye kusubiri ndipo penye mchezo wenyewe.

NAHODHA KUMI KWENYE TIMU MOJA

Asubuhi ya ziara haianzi na injini. Inaanza na meza. Marubani wanakaa na kahawa, wanasoma taarifa za hali ya hewa za kila kiwanja kilicho mbele yao, wanapima mafuta, wanapima uzito wa mizigo, wanaandikisha mpango wa safari kwa sababu wanavuka mipaka. Kama kuna bahari mbele, kila mtu anavaa jaketi la kujiokolea kabla ya kupanda. Halifungwi kwenye begi, linavaliwa, kwa sababu ndani ya ndege inayozama hakuna nafasi ya kuanza kufungua zipu.

Kisha hesabu ya maji. Cessna ikizimikiwa injini ikiwa kimo cha mita 1,000, inaweza kuteleza kama kilomita tisa kabla ya kugusa chini. Kwa hiyo kabla ya kuvuka, rubani anapanda juu kadiri mawingu yanavyomruhusu, ili hata injini ikigoma awe na ufukwe wa kufikia. Gotland iko takriban kilomita 90 kutoka bara la Sweden. Hata ukipanda mita 3,000, katikati pale kuna kama dakika kumi ambazo huna ufukwe wowote, wa mbele wala wa nyuma. Ni wewe, injini yako na maji baridi. Kila rubani anajua dakika hizo zipo, na anaamua mwenyewe mezani kama atazikubali.

Hilo neno "mwenyewe" ndilo la kushika. Kundi linaweza kuwa na mratibu, mtu wa kupanga hoteli na kupiga simu viwanjani. Lakini mratibu huyo hana mamlaka ya kumwambia mtu "ruka". Kila rubani ni nahodha wa ndege yake. Kumi wakiamua kwenda na mmoja akasema leo hapana, huyo mmoja anabaki, na kwenye makundi yenye adabu hakuna anayemcheka. Jioni wanampigia simu kumwambia hali ya hewa ya mbele ikoje. Kesho anawafuata, au anarudi nyumbani kwa treni na ndege anaifuata wiki ijayo.

Huko Norway wana kanuni nyingine inayofaa kuandikwa ukutani. Ukiingia kwenye bonde lenye milima pande zote mbili, usiruke katikati. Kaa upande mmoja. Kwa nini? Ili mawingu yakiziba mbele, uwe na upana wote wa bonde wa kugeuzia. Yaani mtu anaingia huku tayari ameshajitengea nafasi ya kutoka.

Ni watu wa ajabu kidogo kwa macho ya mtu wa soka. Kwenye soka anayeshangiliwa ni anayelazimisha: anayecheza na sindano ya ganzi, anayerudi uwanjani na bandeji kichwani, anayepiga dakika 120 huku misuli inakakamaa. Kwenye ziara za ndege ndogo, anayeheshimiwa ni aliyegeuza.

Hawakuzaliwa na heshima hiyo. Wameinunua kwa makaburi.

WIKI MBILI ZA UFALME

Kati ya mwaka 1929 na 1934 kulikuwa na mashindano makubwa ya ndege za utalii barani Ulaya, yalifanyika mara nne. Marubani walizunguka bara zima kwa ndege ndogo, wakipimwa kasi, matumizi ya mafuta, hata uwezo wa ndege kuruka na kutua kwenye eneo fupi. Mara mbili za kwanza Mjerumani Fritz Morzik alibeba. Mwaka 1932 mashindano yakaanzia na kuishia Berlin, na kwa wenyeji kombe lilikuwa kama liko kabatini tayari.

Wakatokea Wapolandi wawili. Rubani Franciszek Żwirko na mhandisi Stanisław Wigura, ambaye alishiriki kuibuni ndege yenyewe, RWD-6. Wakawapiga Wajerumani nyumbani kwao. Agosti 28, 1932 wakatangazwa mabingwa, na hadi leo tarehe hiyo ni siku ya usafiri wa anga Poland. Kurudi kwao kulikuwa kama timu iliyorudi na Kombe la Afrika.

Septemba 11, siku 14 tu baadaye, mabingwa hao wakapanda RWD-6 ile ile kwenda Prague, kwenye tamasha la ndege. Walikuwa wageni waalikwa, watu wanawasubiri. Njiani wakakutana na dhoruba. Upepo ukaivunja ndege, ikaanguka msituni karibu na kijiji cha Cierlicko, Czechoslovakia wakati huo. Wote wawili wakafa.

Hawakuwa wanagenzi. Walikuwa ndio bora kuliko wote Ulaya nzima, na mawingu hayakusoma wasifu wao. Kwa nini hawakugeuza hakuna wa kusema. Ila kila rubani wa ziara anakijua kishawishi cha siku ya namna ile, na ana jina lake: ugonjwa wa "lazima nifike". Dalili zake ni hizi: kuna watu wananisubiri, nimeshawaahidi, hoteli imeshalipwa, kesho nina kazi, na haya mawingu mbona si mabaya kiasi hicho.

Ugonjwa huo ulimpata hata Graham Hill, bingwa wa Formula 1 mara mbili, mtu pekee aliyewahi kushinda Monaco, Indianapolis 500 na Le Mans. Novemba 29, 1975 alikuwa anatoka kwenye majaribio ya gari kusini mwa Ufaransa, anairusha mwenyewe ndege yake ya injini mbili, usiku, ukungu mzito, kuelekea kiwanja cha Elstree nje ya London. Ndani kulikuwa na watu watano wa timu yake, akiwemo dereva kijana Tony Brise, miaka 23. Wakaanguka kwenye uwanja wa gofu wa Arkley, kilomita chache tu kabla ya kufika. Hakupona mtu.

Uchunguzi ukaja kuonyesha kibali cha Hill cha kuruka kwa kutumia vyombo kilikuwa kimeisha muda, na ndege yenyewe haikuwa na usajili halali. Bima ikaruka. Familia za waliokufa zikageukia mali za marehemu, na mjane wake akabaki kulipa. Bosi alikuwa rubani, rubani alikuwa bosi, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia "mzee, tulale Ufaransa".

MCHANGO NI MCHANGO, TEKSI NI TEKSI

Turudi Nantes.

Leseni ya rubani wa kujifurahisha huko Ulaya inaanzia saa 45 za mafunzo angani. Inamruhusu kuruka mchana, akiona anakokwenda, na kubeba ndugu na marafiki. Akitaka kuruka usiku anasomea tena. Akitaka kuingia mawinguni kwa kutegemea vyombo anasomea tena, na hilo si somo la wikiendi moja. Akitaka kulipwa, hapo ni leseni nyingine kabisa ya kibiashara, na kampuni inayomtumia inapaswa kukaguliwa: ndege, mafundi, saa za kupumzika, kila kitu.

Sheria inaruhusu kitu kimoja katikati: kuchangia. Marafiki wanne wakienda Gotland wanaweza kugawana mafuta, ada ya kutua na kodi ya ndege. Sharti ni kwamba rubani naye anatoa sehemu yake na hakuna anayeondoka na faida. Ni kama kuchangia mafuta ya gari kwenda kuangalia mechi Morogoro. Hakuna anayeita hiyo daladala.

Kwa nini mstari huo umechorwa pale? Sababu si karatasi. Rubani anayechangia mafuta mfukoni mwake hana anachopoteza akisema leo haturuki. Marafiki watanuna, watakula chipsi hotelini, basi. Lakini rubani anayelipwa kwa safari, asiporuka halipwi. Pale pale mizani inalala upande mmoja. Ndiyo maana anayelipwa anawekewa kampuni, mkaguzi na sheria nyuma yake, ili kuwe na mtu mwingine wa kusema hapana kwa niaba yake.

Safari ya Sala haikuwa na mtu huyo. Rubani alikuwa na leseni ya kujifurahisha. Hakuwa na sifa ya kuruka usiku. Hata kibali chake cha kurusha aina ile ya ndege kilikuwa kimeisha muda. Safari ilipangwa iwe asubuhi, ikasogezwa hadi usiku kwa ombi la abiria aliyetaka muda zaidi na wenzake. Kwa rubani wa ziara, ombi hilo lina jibu moja tu: usiku siruki, twende kesho. Lakini abiria huyu alikuwa mteja, na nyuma ya mteja kulikuwa na dili la pauni milioni 15 na watu waliotaka liende vizuri.

Ripoti ya wachunguzi wa ajali wa Uingereza ilitoka Machi 2020. Ilieleza kwamba rubani alipoteza udhibiti wa ndege akiwa anaikunja kwa mkono, yaelekea akijaribu kukwepa mawingu, na kwamba huenda alikuwa ameshaathirika na hewa ya kaboni monoksaidi. Ndiyo hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Damu ya Sala ilikuwa na kiwango cha asilimia 58, kiwango ambacho mtu anakuwa hana fahamu. Hewa hiyo yaelekea ilivuja kutoka kwenye ekzosi. Ndani ya ndege hakukuwa na kifaa cha kupiga kengele ya kuonya, kidude kidogo cha bei ya kawaida ambacho marubani wengi wa ziara wanakining'iniza mbele yao.

Mratibu wa safari akafikishwa mahakamani Cardiff. Ushahidi wa ujumbe wa simu ulionyesha alivyokuwa akimwonya rubani, miezi kabla ya ajali, wasiwaudhi wateja wala kuwashtua wakaguzi wa anga. Oktoba 2021 akakutwa na hatia ya kuhatarisha usalama wa ndege, na mwezi uliofuata akahukumiwa miezi 18 jela.

Huko klabuni je? Cardiff na Nantes wakaenda kugombana FIFA, kisha mahakama ya michezo ya CAS, kuhusu nani alipe nini. Miaka ikapita. Hesabu za pesa zilipata mawakili wengi kuliko maisha ya kijana yalivyopata maswali ule usiku.

WANAOSEMA VINGINE

Wapo watakaosema hawa wa kujifurahisha wanapakwa rangi nzuri mno. Wana hoja. Marubani wa ziara nao wanakufa. Kila mwaka ripoti za ajali Ulaya zina majina ya watu waliokuwa na leseni halali, ndege nzima, na wakaingia mawinguni wasikotakiwa kuingia. Kundi nalo lina sumu yake: ndege tisa zikishaondoka, wa kumi anajisikia mnyonge kubaki, hata kama hakuna aliyemsukuma. Na yupo Mathias Rust, kijana wa Ujerumani Magharibi ambaye Mei 1987, siku chache kabla ya kutimiza miaka 19, alizunguka kaskazini yote na Cessna ya kukodi, visiwa vya Faroe, Iceland, Bergen, Helsinki, kisha akadanganya anakwenda Stockholm na kwenda kutua Moscow, kando ya Uwanja Mwekundu. Ilikuwa Mei 28, siku moja tu baada ya Rabah Madjer kuwafunga Bayern kwa kisigino Vienna. Dunia ikacheka. Angetunguliwa ingelia.

Kwa hiyo si malaika. Lakini tofauti iko pale pale. Rubani wa kujifurahisha akikosea, anakosea kwa uamuzi wake, na waliopanda naye wanajua ni rafiki yao, si shirika la ndege. Sala hakujua. Alimtumia rafiki ujumbe wa sauti akiwa ndani ya ndege, akisema kwa utani nusu na hofu nusu kwamba ndege inaonekana kama itameguka. Mtu anayesema hivyo ameshaona. Alichokosa ni mlango wa kutokea.

Wengine watasema mchezaji mwenyewe alikuwa mtu mzima, na Cardiff walisema walimpa chaguo la ndege ya kawaida ya abiria. Sawa. Lakini mchezaji si mtaalamu wa leseni za marubani, kama rubani asivyokuwa mtaalamu wa kuotea. Mtu akiletewa ndege mlangoni na wakala anayemwamini, ataulizaje kilichoandikwa nyuma ya leseni?

KWA NINI IWAHUSU MBAGALA

Januari 2020, mwaka mmoja baada ya mkasa huo, Mbwana Samatta alitoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa. Dirisha lile lile dogo, bahari ile ile katikati, haraka ile ile ya vipimo na mkataba. Vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda kujaribu bahati Ubelgiji, Denmark, Sweden na Norway wanaongezeka, na ligi za huko ziko kwenye miji midogo ambayo ndege kubwa hazifiki zote. Siku moja wakala atamwambia mmoja wao: "Usijali dogo, kuna kandege ka mshikaji, saa moja tu tumefika."

Dogo huyo anahitaji maswali matatu mfukoni. La kwanza: rubani analipwa? Kama jibu ni ndiyo, la pili: kampuni yake ina kibali cha kubeba abiria wa kulipia, kiko wapi? Kama jibu ni hapana, ni mshikaji tu, la tatu: nikisema tusubiri kesho, kuna atakayekasirika? Likijibiwa ndiyo hilo la tatu, asipande. Chama cha wachezaji kinaweza kuyachapa maswali hayo kwenye kadi ya ukubwa wa kitambulisho. Mawakala wanaosajiliwa wanaweza kulazimishwa kuyajibu kwa maandishi kabla mchezaji hajafunga mkanda. Gharama yake haifiki hata bei ya viatu vya mazoezi.

Na si anga tu. Afrika ina jeraha lake la Aprili 27, 1993, ndege ya jeshi iliyobeba Zambia ikielekea Senegal kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Iliripotiwa kwamba hitilafu ya injini ilishaonekana kwenye kituo cha Brazzaville. Safari ikaendelea kwa sababu mechi ilikuwa inasubiri. Ikaanguka baharini Gabon, watu 30 wakafa, 18 wakiwa wachezaji.

Barabarani hali ni hiyo hiyo. Timu inamaliza mechi saa kumi na mbili jioni, inapanda basi usiku huo huo kusafiri mkoa hadi mkoa, kwa sababu hoteli ya usiku mmoja zaidi ni gharama na ratiba imebana. Dereva aliyeamka alfajiri ndiye anayeendesha. Ni nani ndani ya basi lile mwenye ruhusa ya kusema tulale? Kocha anamwangalia meneja, meneja anamwangalia katibu, katibu yuko Dar anauliza kwenye simu mmefika wapi. Dereva ndiye anayeyajua macho yake, na ndiye wa mwisho kuulizwa.

Marubani wa ziara za kaskazini wamelimaliza hilo kwa kanuni moja: anayeshika usukani ndiye mwenye neno la mwisho la kutokwenda, na neno hilo halina adhabu. Klabu ikiandika sentensi hiyo kwenye mkataba wa dereva wake, kwamba akisema amechoka timu inalala na mshahara wake haukatwi, itakuwa imefanya usajili mzuri kuliko wa straika yeyote wa dirisha dogo.

Maneno "Kawia ufike" yameandikwa nyuma ya mabasi na malori mengi ya Bongo, tena kwa rangi kubwa. Wanaoyasoma ni walio nyuma, wanaotaka kulipita gari. Aliyeko mbele, mwenye usukani na simu ya bosi inayoita, hayaoni.